SHA ilipie simu ya daktari, si kitanda peke yake

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niongee na Wizara ya Afya, na pia wabunge na maseneta wetu wa Pwani ambao wakati wa kura huwa wanaijua sana njia ya kuja visiwani. Habari za SHA, hii bima ya afya ya taifa letu la Kenya, zimeandikwa mpaka zimechosha, nani amejiandikisha nani hajajiandikisha, hospitali gani imefungiwa kwa madai ya uongo na gani inadai pesa zake, lakini kuna jambo moja sisi wa kisiwa cha Pate, kaunti ya Lamu, tunalingojea na silioni likitajwa. Lini bima hii italipia mgonjwa kuzungumza na daktari kwa simu? Manake sheria inaruhusu, simu tunazo, madaktari wapo Mombasa, kilichokosekana ni mtu wa kusema pesa zitatoka wapi na zitamfikia nani.

Nieleze kidogo kwa asiyejua huku. Zahanati tunazo, hospitali ya Faza ipo, na wauguzi wetu wanajitahidi Mungu awalipe, lakini bingwa wa moyo, wa ngozi, wa figo, wa maradhi ya akili, huyo umtafute Mombasa. Mzee wa sukari akitoka kidonda mguuni kisichopona anaandikiwa rifaro, barua ya kumpeleka hospitali kubwa. Basi anabebwa mpaka Mtangawanda, anangoja maji yajae, boti mpaka Mokowe, kisha basi la kutwa kupita Witu na Garsen na Malindi mpaka Mombasa, na hawezi kwenda peke yake kwa hivyo nauli ni ya watu wawili, na akifika alale kwa jamaa ambaye naye ana watoto wake na chumba kimoja. Siku ya pili anaingia kwa daktari, daktari anautazama mguu, anamuuliza maswali mawili matatu, anambadilishia dawa na kumwambia rudi mwezi ujao. Dakika kumi. Na ukiuliza familia imeuza nini kwa ajili ya hizo dakika kumi utaambiwa mbuzi, au mashini ya boti imewekwa rehani.

Wakati huo huo kuna jambo linafanyika kimya kimya na kila mtu wa huku analijua. Muuguzi wa zahanati moja (simtaji, asije akaitwa ofisini) anapiga picha kidonda kwa simu yake mwenyewe, anatoka mpaka kwenye ukuta wa nyuma ambapo ndipo netwaki inashika, anaituma WhatsApp kwa daktari aliyewahi kufanya kazi naye, kwa bando alilonunua mwenyewe. Daktari anajibu akiwa anakunywa chai yake, ongeza hii, ile acha, safisha hivi, ukiona panabadilika rangi mlete mbio usingoje. Na mzee anatibiwa hapo hapo kisiwani kwao. Hiyo ndiyo telemedisini yenyewe, ile ile inayofanyiwa semina kwenye hoteli za Nairobi. Tofauti ni kuwa huku hakuna aliyelipwa, si muuguzi, si daktari, si zahanati, na picha ya mguu wa mzee imebaki kwenye simu ya mtu binafsi pamoja na picha za harusi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa ni habari nyeti, kwa hivyo siku mkubwa mmoja akiamua kumuonea huyu muuguzi, anacho kifungu cha kumshikia. Mtu anaokoa serikali pesa na anaishi na wasiwasi.

Mtu asiniambie eti sheria haijafika. Sheria ya Afya ya 2017 ilishasema kutibu kwa njia ya kielektroniki ni njia halali ya kutoa huduma. Ikaja korona, na Aprili 2020 kaunti za Mombasa, Kilifi na Kwale zikafungwa, mtu wa Lamu akawa hawezi kwenda Mombasa hivi hivi, ndio watu wakaona kumbe daktari wa simuni ana maana. Wakati ule Baraza la Madaktari likaruhusu hospitali kadhaa kuona wagonjwa kwa mtandao. Alafu Oktoba 2023 rais akatia saini sheria nne kwa mpigo, na mojawapo ni Sheria ya Afya ya Kidijitali ambayo telemedisini imo ndani yake waziwazi na hata wakala wake imeundiwa. Mahakama Kuu ikaja Julai 2024 ikazitupa tatu kati ya hizo kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi ule, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikaanza kazi. Kwa hivyo tumeshapita sheria, tumepita kesi, tumepita uzinduzi.

Sasa tazama teknolojia imewekwa wapi. Tangu SHA ianze, karibu kila kitu cha kompyuta tulichoona ni cha kumkagua mgonjwa. Kwanza tulipiga *147# tukaulizwa paa la nyumba ni la nini na choo ni cha aina gani ili ijulikane tutatozwa ngapi. Sawa. Kisha ikaja OTP, zile nambari zinazotumwa kwa simu ya aliyejiandikisha. Huku kwetu aliyejiandikisha ni baba, na baba ni mvuvi, yuko kwenye maji upande wa Kiunga ambako hakuna netwaki, mama amekaa kwenye benchi na mtoto ana homa, na nambari inaingia kwenye simu iliyozimwa katikati ya bahari. Watu walilalamika nchi nzima, wizara ikasema basi tuachane na OTP tutumie alama za vidole. Haya. Lakini vidole vya mtu aliyevuta nyavu na kamba miaka arubaini havina alama tena, vimekuwa laini kama kioo! Nimemuona mzee kwenye kituo kimoja huku akiwekewa kidole hiki, kikakataliwa, akawekewa kile, kikakataliwa, akapewa kitambaa afute, dada wa mashini naye amechoka na si kosa lake, mwisho mzee akauliza kwa upole kama akitaka anaweza kuweka wa mguu. Watu walicheka. Alitoa pesa mfukoni akatibiwa kama hana bima.

Sipingi ukaguzi. Pesa za SHA zimeibwa na hospitali hewa na wagonjwa hewa, hilo linajulikana, na anayekatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake kila mwezi ana haki ya kuuliza zinaenda wapi. Ninachosema ni kwamba mashini ya kumjua mgonjwa imepatikana haraka, ya kumfikishia daktari bado tunaambiwa ni mambo ya baadaye.

Mfano mzuri ni wahudumu wa afya ya jamii. Septemba 2023 walitolewa karibu laki moja nchi nzima, wakapewa mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari na kila mmoja simu ya kazi. Mimi hili nalisifu wazi, ni katika mambo mazuri yaliyowahi kufanywa na wizara hiyo. Dada wetu anakuja mpaka barazani, anapima presha ya bibi, anaandika kwenye simu, inaenda huko kwa sistimu. Sasa presha imesoma mia na tisini juu. Inafuata nini? Anamwambia bibi nenda hospitali. Yaani habari ya bibi imefika Nairobi kwa sekunde moja na bibi mwenyewe anaambiwa atembee. Ile simu iko mkononi mwa mhudumu, kwa nini isipige upande wa pili daktari akamsikia bibi, akamuuliza kichwa kinauma vipi, dawa zake za mwezi uliopita alimaliza au alizigawa na jirani? (Huku wanagawana, usishangae.) Hakuna kifaa kipya cha kununua hapo. Kinachohitajika ni mtu alipwe kwa kuipokea simu.

Na kununua vifaa tunakujua. 2015 kulikuwa na ule mradi wa kukodisha mitambo ya hospitali wa shilingi bilioni 38, kila kaunti ikapelekewa mashini za eksirei na za figo na vyumba vya upasuaji, mwingine ukakaa kwenye maboksi kwa sababu hakuna stima ya kutosha au hakuna mtu wa kuuendesha, mpaka Seneti ikaunda kamati ya kuuliza. Juzi tena Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, katika ripoti iliyotoka Machi 2025, akasema ule mtambo wa kidijitali wa SHA wa bilioni 104.8 serikali si mwenyewe, na tenda haikushindaniwa. Bilioni mia na nne! Na ukienda zahanati mchana utaambiwa sistimu iko chini njoo jioni. Kwa hivyo nikisema nataka telemedisini naomba mtu wa tenda asinisikie vibaya, sitaki apu mpya, sitaki skrini kubwa ukutani wala tableti elfu moja za kuzinduliwa na waziri.

Nataka wafanye kama Rwanda na wajifunze pale Rwanda ilipoumia. Kule ilikuweko huduma ikiitwa Babyl, ilianza 2016, na uzuri wake ilifanya kazi kwa simu ya kawaida tu hii ya mulika mwizi, unabonyeza, unapigiwa na muuguzi, ikihitajika unapelekwa kwa daktari, dawa unaandikiwa kwa namba kwenye ujumbe unaenda kuichukua. Muhimu kuliko yote, bima yao ya jamii, Mutuelle, iliilipia. Zaidi ya watu milioni 2 walijiandikisha. Serikali ikatia mkataba wa miaka kumi 2020. Lakini mwenyewe alikuwa ni kampuni ya London, Babylon, na 2023 kampuni ilipoanguka huko kwao, Babyl nayo ikazimwa, mtu wa kijijini Rwanda ambaye hajui hata London iko wapi akakosa daktari. Ndio nikasema wizara ilipie huduma, isinunue kampuni. Yeyote mwenye leseni, hospitali ya kaunti, ya misheni, daktari mwenye kliniki yake Malindi, alimradi amepokea simu na kuandika kumbukumbu, alipwe bei moja inayojulikana. Mmoja akianguka wengine wapo.

Marekani nako kuna funzo la aina nyengine. Ile bima ya wazee wao, Medicare, kabla ya korona ilikuwa haimlipii daktari wa mtandaoni isipokuwa mgonjwa awe wa mashambani, na hata huyo mara nyingi lazma kwanza aende kituo cha afya akakae mbele ya skrini. Machi 2020 wakafungua, mgonjwa akawa anatibiwa akiwa kwake, na kwa huduma nyingi hata kwa sauti tu bila video. Lakini waliifanya iwe ya muda, kila ikikaribia kwisha bunge linaongeza miezi, linaongeza tena, mpaka tarehe 1 Oktoba 2025 serikali yao ilipofungwa kwa ugomvi wa bajeti ruhusa nayo ikakatika, na wazee wakaahirishiwa miadi yao mpaka Novemba iliporudishwa. Taifa tajiri hilo. Sisi tukiingiza jambo hili liingie moja kwa moja kwenye kanuni na viwango vya malipo, lisiwe la mradi wa mfadhili wa miaka miwili kisha bango linabaki limepauka.

Lile la sauti tu nalirudia kwa sababu najua wakubwa wanapenda video. Video huku ni ndoto, intaneti inapanda na kushuka na bando ni ghali, na nusu ya wazee wana simu ndogo ambayo kamera yake huwezi kujua ni uso au ni nazi. Sauti inatosha kwa mambo mengi mno, kufuatilia presha, sukari, pumu, dawa za kifafa, mama aliyejifungua juzi, mtu mwenye huzuni isiyoisha. Ukisema analipwa wa video peke yake umeshawatoa watu wa visiwani, na wa Tana River, na wa Turkana na Marsabit, utabaki unamlipia mtu wa Kilimani, Nairobi, ambaye hospitali iko ng'ambo ya barabara.

Swali gumu ni la kaunti, na hapa ndipo nataka wataalamu waumize kichwa. Afya imegatuliwa. Daktari wa Hospitali Kuu ya Pwani ameajiriwa na kaunti ya Mombasa, mgonjwa ni wa kaunti ya Lamu. Akitumia saa nzima kwenye simu na wagonjwa wa Pate, gavana wa Mombasa anapata nini? Foleni yake mwenyewe iko nje mlangoni. Hawezi kulazimishwa kwa wema. Lakini SHA ni mfuko wa nchi nzima hauna mpaka wa kaunti, na hilo ndilo jambo moja unaloweza kufanya ambalo gavana hawezi. Ile simu ilipwe pande mbili, kiasi kiende kwa hospitali ya daktari, kiasi kibaki kwa zahanati iliyokaa na mgonjwa, iliyompima, iliyomshika mguu mbele ya kamera. Ukilipa upande mmoja, zahanati itasema kwa nini nikae na mgonjwa nusu saa kwa faida ya Mombasa, bora nimuandikie rifaro nimalize. Na kuna madaktari vijana wamesoma wakamaliza wamekaa majumbani bila ajira, wengine ni watoto wetu hapa hapa, hao wakipewa zamu ya kupokea simu usiku sidhani watakataa.

Najua watakaosema watu watapiga simu za uongo ili walipane. Watapiga, ndio, kama walivyolaza wagonjwa wasiokuwepo. Lakini simu ina rekodi, imepigwa saa ngapi, kutoka wapi, imechukua dakika ngapi, ni rahisi kuikagua kuliko kitanda ambacho kinasemwa kililaliwa siku tano. Wengine watasema simu haiwezi kumzalisha mama wala kutoa sumu ya nyoka. Ni kweli kabisa, na hata mguu wa sukari ukifika pabaya simu haiukati. Kwa mama mwenye uchungu tunataka boti ya wagonjwa yenye mafuta, na hapo jirani zetu Tanzania wametutangulia na m-mama, unapiga 115 bila malipo, anatafutwa dereva wa karibu na analipwa na serikali. Simu ya daktari inasaidia hapo kwa jambo moja kubwa, anaweza kusema huyu asingoje kesho, au huyu hana haja ya kusafiri. Wote wawili leo wanapakiwa boti moja.

Dawa nayo. Daktari wa Mombasa akibadilisha dawa na zahanati ya huku haina hiyo dawa, tumezungumza bure. Kwa hivyo kama kuna orodha ya magonjwa ya kuanzia, waanze na yale ambayo dawa zake KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, inaleta mpaka zahanati, presha na sukari kwanza, wasijitie makubwa ya saratani siku ya kwanza.

Kuna lile jopo linalopendekeza viwango vya malipo vya SHA, ambalo huwa linakaa na kupitia bei ya kujifungua, ya kusafishwa figo na kadhalika. Ombi langu nalielekeza kwao hasa: wekeni mstari mmoja wa mazungumzo ya daktari na mgonjwa kwa simu, sauti ihesabiwe, zahanati ilipwe na daktari alipwe. Wekeni na nambari ya bure, na kabla ya kuitangaza mtu mmoja wenu aje Kizingitini na simu ndogo isiyo na kredo aipige, aone kama inaita.

Msomaji wenu,
Mwalimu mstaafu, Pate, Lamu